UZI: Neno "si" – herufi mbili, maana kibao, asili zisizokutana

Mchimbamizizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna swali linalorudi kila lugha zinapojadiliwa: neno la Kiswahili likionekana katika lugha nyingine kwa sura ileile, je, ni ndugu? Badala ya kulijibu juujuu, nimechagua neno moja dogo kabisa tulichimbue mpaka chini: si. Kwetu linakana. Kwa Mhispania linakubali. Kwa Mzulu ni "sisi". Kwa Mchina, kutegemea sauti ilivyopanda au kushuka, ni nne au ni kufa.

Tuanze nyumbani, maana hata hii ya kwetu ina mengi.

Kwanza kuna si inayosimama peke yake, kinyume cha "ni". Huyu ni daktari, huyu si daktari. Haijali nafsi wala ngeli: mimi si mgeni, viti hivi si vyetu. Ndiyo hiyo ya si kitu, si haba, si hoja, kuuliza si ujinga.

Halafu kuna si- ya mwanzo wa kitenzi, na hapa pana jambo ambalo watu hulipita. Angalieni msururu huu: husomi, hasomi, hatusomi, hamsomi, hawasomi. Wote wanaanza na h-. Nafsi ya kwanza umoja peke yake ndiyo inayosema *sisomi*. Kama ingefuata wenzake ingekuwa "hanisomi", lakini neno hilo lina kazi nyingine: yeye hanisomi mimi. Kwa hiyo si- imebeba vitu viwili katika silabi moja: ukanushi, na "mimi". Ndivyo ilivyo pia katika sikusoma, sijasoma, sitasoma, sina, simo, sipo.

Ya tatu ni -si- ya katikati: usisome, wasisome, asiyesoma. Hii haina "mimi" ndani yake hata kidogo. Chukua methali *Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu*. Mtu yuko kwenye a-, kukana kuko kwenye -si-, urejeshi uko kwenye -ye-. Kila kiungo na kazi yake.

Na kuna ile ya mazungumzo: "Si nilikwambia!" Umbo ni la kukana ila msemaji anadai umkubalie. Ukiinyoosha inakuwa "je, si kweli kwamba nilikwambia?", swali ambalo jibu lake linajulikana. Ukiiandika "sinilikwambia" umeharibu, kwa sababu hii si kiambishi, ni neno linalosimama mbele ya sentensi nzima.

Nitaendelea na ndugu zetu wa Kibantu. Wenye nyongeza karibuni.

---

Kalamu Nyekundu

Mkuu, kabla hujavuka, umeiacha "siyo", na hapo ndipo maandishi ya wengi yanapokwama.

*Si* hukaa mbele ya nomino au kivumishi: kiti hiki si kizuri. *Siyo* na wenzake ni "si" iliyounganishwa na o-rejeshi, kwa hiyo inafuata ngeli: siye huyu, sio hawa, sio huu (mti), siyo hii, sicho hiki, silo hili, sizo hizi, sivyo hivi, siko huku. Kila mmoja ana pacha wake upande wa kukubali: ndiye, ndio, ndiyo, ndicho, ndilo, ndizo, ndivyo, ndiko.

Jaribio la haraka wakati wa kuhariri: geuza sentensi iwe ya kukubali. Ikikubali "ni", andika *si*. Ikidai "ndi-", andika *si-* pamoja na rejeshi ileile. "Kiti ni kizuri" inatoa "kiti si kizuri". "Kiti chenyewe ndicho hiki" inatoa "kiti chenyewe sicho hiki". Dakika moja, umemaliza.

Katika mazungumzo "huyu siyo daktari" imeenea sana, na sitaiita kosa la kusema. Lakini anayeandika "sio" kila mahali anapoteza upatanisho ambao lugha imempa bure. "Sio hii" na "siyo hii" hazina uzito mmoja kwa msomaji makini.

---

Mchimbamizizi

Ahsante Kalamu, jaribio hilo nitaomba watu walihifadhi.

Sasa Kibantu. Mwanafunzi wa Kiswahili akikutana na Kichewa (Chichewa) anajisikia yuko nyumbani: *sindidziwa* ni "sijui". Si ni kukana, ndi ni mimi, dziwa ni jua. *Sitidziwa* ni "hatujui": si, ti, dziwa. Na "yeye si mwalimu" ni *iye si mphunzitsi*. Tofauti na sisi ni kwamba Mchewa anaiweka si- mbele ya nafsi zote, halafu nafsi inajitaja yenyewe. Sisi tumeibakiza kwa "mimi" tu, na "mimi" yenyewe ikamezwa humo. Hapo undugu haupingiki: sauti ileile, kazi ileile, mahali palepale ndani ya kitenzi.

Ukishuka kusini zaidi, tahadhari. Kizulu kinasema *siyahamba*, "tunakwenda". *Siyabonga*, "tunashukuru". Si- ya hapo ni nafsi ya kwanza wingi, inakaa pale ambapo sisi tunaweka tu-. Hakuna ukanushi wowote.

---

Bonde la Maneno

Samahani mkuu, hapo nina pingamizi. Kizulu kina *asiboni*, na maana yake ni "hatuoni". Si imo, kukana kumo. Sasa unasemaje kwamba si- ya Kizulu haikani?

---

Mchimbamizizi

Swali zuri kweli, na jibu lake ndilo kiini cha uzi huu. Tulipasue neno.

a – si – bon – i

Weka pembeni yake nafsi ya kwanza umoja: *angiboni*, "sioni".

a – ngi – bon – i

Kilichobaki vilevile katika yote mawili ni a- ya mwanzo na -i ya mwisho. Kilichobadilika ni si kwa ngi, yaani "sisi" kwa "mimi". Basi kukana kuko kwenye a- na -i. Si ni mtu tu. Na hiyo -i ya mwisho tunayo sisi pia: anaona, haoni, anasoma, hasomi. Kwa hiyo Mswahili anayetafuta undugu ndani ya *asiboni* anavutwa na silabi ya pili, kumbe undugu umekaa kimya kwenye irabu ya mwisho.

Na kwenye mzizi! *-bona* ya Kizulu na *-ona* yetu ni neno moja. B yetu imeanguka. Tunajuaje kwamba imeanguka na si kisingizio? Kwa sababu inaanguka kwa utaratibu. Tazameni "kifua":

Kiswahili: kifua
Kichewa: chifuwa
Kisotho: sefuba
Kizulu: isifuba

Nne zote ni sehemu ileile ya mwili. F imetulia kote. B ya Kizulu na Kisotho ni w kwa Mchewa, na kwetu haipo. Ongeza ini: Kizulu *isibindi*, Kisotho *sebete*, Kichewa *chiwindi*. B, b, w tena. Usiku kwa Kizulu ni *ubusuku*, kwetu *usiku*: b imeondoka tena. Huo ndio ushahidi. Neno moja likifanana ni tukio. Sauti zikilingana neno baada ya neno ni nasaba.

Sasa rudini mwanzoni mwa hayo maneno. *Ki*fua, *chi*fuwa, *se*fuba, *isi*fuba. Majina ya lugha zenyewe yanasema hivyohivyo: Kiswahili, Chichewa, Sesotho, isiZulu. "Si" ya isiZulu ni "ki" ya Kiswahili. Ile inayofanana na si yetu kwa sura si ndugu yake. Ndugu yake ni ki-, ambaye sura imebadilika.

Kwa hiyo ndani ya Kizulu peke yake tuna si- mbili: ya "sisi", na ya ngeli ya ki-vi. Hakuna hata moja iliyo si yetu.

---

Bonde la Maneno

Nimeelewa na nimekubali. Naongeza dokezo kwa wengine: ndani ya Kiswahili chenyewe jaribio hilohilo linafanya kazi. *Sikuona* na *sikuoni* zinaonekana pacha. Ya kwanza ni si-ku-ona, wakati uliopita, ku ni ya wakati. Ya pili ni si-ku-on-i, wakati uliopo, ku ni wewe. Irabu ya mwisho ndiyo inayoamua.

---

Mlatini

Nichukue upande wa Ulaya, maana hapo watu huchanganya mambo mengi kwa pamoja.

Kilatini hakikuwa na neno moja la "ndiyo". Ukiulizwa, ulirudia kitenzi, au ulisema *sic*, "hivyo", au *ita*, "vivyo hivyo", au *etiam*. Kutoka *sic* zikaja Kiitaliano *sì*, Kihispania *sí*, Kireno *sim*. Mahali pengine walichukua *hoc*, "hiki": kusini mwa Ufaransa likawa *òc*, na kaskazini likaunganishwa na *ille*, "yule", likawa *oïl*, ndiyo *oui* ya leo. Dante, mshairi wa Italia, mwanzoni mwa karne ya 14, aliwagawa wasemaji hawa kwa neno lao la kukubali: watu wa oc, watu wa oïl, watu wa si. Jina la eneo la Languedoc limetoka huko: lugha ya oc.

Angalieni hapo: "ndiyo" yao ilianza kama "hivyo". Na ndiyo yetu ni ndi- pamoja na rejeshi, yaani nayo ni neno la kuonyesha kwanza kabla halijawa la kukubali. Njia moja imepitwa na watu wasiojuana.

Lakini Kilatini kilikuwa na neno jingine: *si*, lenye maana ya "kama, iwapo". Hilo halina uhusiano wa kazi na *sic*, na hapa ndipo mkanganyiko unapoanza:

Kihispania: *si* bila alama ni "kama", *sí* yenye alama ni "ndiyo", na kuna *sí* nyingine yenye alama, "nafsi yake", baada ya kihusishi (*para sí*), iliyotoka Kilatini *sibi*. Alama na mkato vinabeba maana yote: *Si quieres* ni "ukitaka". *Sí, quiero* ni "ndiyo, nataka". Hata kwa herufi kubwa alama haiondolewi.

Kiitaliano: *sì* ni "ndiyo", *si* ni ya kujitendea (*si lava*, "anajiosha"), na "kama" si *si* bali *se*. Anayetoka Kihispania kwenda Kiitaliano huanguka hapa kila mara.

Kireno: *sim* ndiyo, *se* kama, *si* nafsi yake baada ya kihusishi.

Kiromania kimechukua *sic* ileile kikaifanya *și*, inayotamkwa "shi", maana yake "na", "pia". "Ndiyo" wakaiazima kwa Waslavi: *da*.

Kifaransa ndicho kinachostahili kukaa nacho zaidi. Kina *si* ya "kama", ambayo hukatwa mbele ya *il* na *ils* peke yake: *s'il*, lakini *si elle*, kamwe si "s'elle". Ile *s'il vous plaît* ya adabu ni "ikikupendeza". Kina *si* ya kiwango: *si grand*, "mkubwa hivyo". Na kina *si* ya kujibu, ambayo inatumika tu kulipinga swali lililokana.

Hii ya mwisho ni muhimu kwa Mswahili. Ukimuuliza mtu kwa Kiswahili "Hujala?", akijibu "Ndiyo" anakubaliana na ukanushi wako: hajala. Kama amekula atasema "La, nimekula." Mfaransa aliyekula akiulizwa hivyohivyo anajibu *Si!* Kwa hiyo katika nafasi hiyo moja, *si* ya Kifaransa, iliyotoka katika neno la kukubali, inafasiriwa kwa "la" ya Kiswahili. Mfasiri anayeweka "ndiyo" hapo amegeuza habari nzima.

---

Nota Saba

Wanakwaya hawajatajwa, nami siwezi kunyamaza. *Si* ni nota pia.

Guido wa Arezzo, mtawa na mwalimu wa muziki wa Italia, karne ya 11, alichukua wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohana ambao kila kipande kilianza ngazi moja juu ya kile kilichotangulia, akatumia silabi za kwanza: ut, re, mi, fa, sol, la. Sita tu. Ya saba ilikuja baadaye sana, nayo ikaundwa kwa herufi za mwanzo za mstari wa mwisho, *Sancte Iohannes*: S na I. Ut ikaja kuwa do. Kwa hiyo *si* hii haina mzizi katika lugha yoyote. Ni ufupisho.

Anayesoma nota za sol-fa atauliza mbona kwenye karatasi yake imeandikwa d r m f s l t. Ni kwa sababu nota hizo huandikwa kwa herufi ya kwanza tu. *So* na *si* zingegongana, zote s. Huko Uingereza, karne ya 19, Sarah Glover aliigeuza *si* kuwa *ti* ili kila nota iwe na herufi yake, na John Curwen akaeneza mtindo huo. Italia, Ufaransa na Hispania wamebaki na *si*.

Kosa linalotokea: mwimbaji wa sol-fa anapewa karatasi ya Kiitaliano iliyoandikwa *si bemolle* (si iliyoshushwa nusu ngazi), anaidhani ni nota ya saba ya ufunguo wowote aliomo. Hapana. Kwa Waitaliano majina hayo hayahami. Do ni C daima, si ni B daima, hata ufunguo ukibadilika.

---

Toni Nne

Kimandarini sasa. Andiko la pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, lililopitishwa mwaka 1958, linaandika *si* kwa silabi ambayo Mswahili akiisoma alivyozoea hataeleweka. I hiyo si i yetu. Shikilia s, usisogeze ulimi, kisha washa sauti ya koo: ulimi unabaki palepale na irabu inatoka kama mvumo. Ukitaka sauti iliyo karibu na "si" ya Kiswahili, ipo kwenye *xi*.

Kisha toni. Toni ya kwanza, juu na imenyooka: *sī*, hariri, au kufikiri, kila moja na herufi yake ya Kichina. Toni ya tatu, inazama chini: *sǐ*, kufa. Toni ya nne, inashuka ghafla: *sì*, nne. *Sì* hiyohiyo yenye herufi nyingine ni hekalu. Ukifuta alama ukaandika "si" tupu, umefuta neno, si pambo.

Ukaribu wa nne na kufa ndio unaofanya majengo mengi ya Uchina kuruka ghorofa ya nne katika kuhesabu. Wajapani walipoyachukua maneno haya bila toni, mawili yakawa sauti moja kabisa: *shi* ni nne na *shi* ni kifo, na ndiyo maana mara nyingi husema *yon* kwa nne. Wakorea vilevile: *sa* na *sa*.

Jambo la kuangalia kwa mwenye sikio la Kiswahili: neno la Kichina linalofanya kazi ya "ni" ni *shì*. Wasemaji wengi wa kusini hutamka sh kama s. Kwa hiyo unaweza kusikia "si" kutoka kwa mtu anayethibitisha jambo, nawe ukasikia amekana. Haohao ndio ambao nne na kumi (*shí*) zao huwa vigumu kutofautisha. Msikilize toni, usimsikilize konsonanti.

---

Mlatini

Nyongeza mbili fupi za Ulaya. Kihangari kina *sí*, nayo ni zile mbao za kutelezea kwenye theluji. S ya Kihangari hutamkwa "sh". Neno limetoka Kinorwe, *ski*, ambalo Wanorwe wenyewe hulitamka "shi", na kwa Wanorwe wa kale lilikuwa *skíð*, kipande cha mbao kilichopasuliwa. Wahangari waliazima walichosikia, si kilichoandikwa. Kinorwe kina *si* yake, kitenzi: kusema. Na Kiayalandi kina *sí*, nayo hutamkwa "shi": ni "yeye" wa kike, na pia kilima cha viumbe wa hadithi, kilichokuwa kikiandikwa *sídhe*.

---

Kikokotoo

Nimesoma yote. Swali langu: Kichewa tumekikubali kama ndugu. Lakini hizi nyingine zote, kufanana kwingi hivi kunaweza kweli kuwa bahati tu?

---

Mchimbamizizi

Tufanye hesabu, si lazima tubishane.

Chukua lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5. Silabi za konsonanti moja na irabu moja ni 20 × 5 = 100. Hizo ndizo nafasi zote zilizopo kwa neno fupi la aina hii. Tuseme lugha hiyo ina maneno na viambishi 50 vya silabi moja, kila kimoja nafasi yake. Nusu ya nafasi zimejaa. Kwa hiyo ukichagua silabi yoyote bila kuangalia, uwezekano wa kuikuta ina maana ni 1 kwa 2. Chunguza lugha kumi, tegemea kuikuta katika tano.

Maneno ya silabi mbili yana nafasi 100 × 100 = 10,000. Ya tatu yana 1,000,000. Ndiyo maana *kifua* na *chifuwa* ni ushahidi na *si* na *sí* si ushahidi. Urefu wa neno ndio uzito wa hoja.

Tena hesabu hiyo imechukulia kwamba silabi zote zina nafasi sawa. Hazina. S na i ni miongoni mwa sauti zinazopatikana katika lugha nyingi mno, na maneno ya sarufi hutumika kila sentensi hivyo husagika yakawa mafupi. *Sic* ilipoteza c. *Skíð* ikabaki *shi*. Maneno marefu ya asili tofauti yanasagika mpaka yanakutana kwenye silabi zilezile chache.

Kwa anayetaka kupima jozi yoyote mwenyewe, fuata mpangilio huu, na usiruke:

Andika matamshi, si tahajia, pamoja na toni na urefu wa irabu. Hatua hii peke yake imeondoa *sǐ*, *sí* ya Kihangari na *și* ya Kiromania, kwa kuwa hakuna inayotamkwa "si".

Tafuta umbo la zamani zaidi linalojulikana katika kila lugha, ulinganishe hayo ya zamani, usilinganishe ya leo. *Sí* ya leo ni *sic* ya zamani, yenye k mwishoni.

Angalia kazi na mahali pake katika sentensi. Si- ya Kichewa na yetu zinakaa mwanzoni mwa kitenzi na zinakana. Zimelingana kwa mambo matatu.

Tafuta mlingano katika maneno mengine, angalau matatu au manne, tena ya msingi: sehemu za mwili, vitenzi vya kila siku. Usipoyapata, simama hapo.

Mwisho, uliza kuhusu kuazima. Mbao za theluji huazimwa pamoja na jina lake. Viambishi vya kukana ni nadra sana kuazimwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulegeza maana. Mtu anaanza na "kukana", hapati, anasema "labda kukubali, maana ni kinyume chake", hapati, anasema "labda kuuliza". Ukiruhusu maana kumi, umejipa nafasi kumi za kupatia kwa bahati.

---

Fonti

Kwa wanaotaka kutafuta haya kwa kompyuta, kuna mitego ambayo huharibu hesabu bila kutoa onyo.

Herufi *í* inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama alama moja (namba yake ya Unicode ni U+00ED), au kama i ya kawaida ikifuatwa na kistari kinachoelea (U+0301). Kwenye skrini hazitofautiani. Lakini ukitafuta neno zima kwa `\bsi\b`, programu nyingi huhesabu kistari hicho kama mwisho wa neno, hivyo *sí* ya namna ya pili inaingia kwenye hesabu ya *si*, na "ndiyo" zako zinageuka "kama". Dawa: badilisha maandishi yote yawe NFC (ile namna ya alama moja) kabla ya kutafuta chochote.

Kiromania: *ș* yenye mkato chini ni U+0219, maandishi mengi ya zamani yana *ş* yenye mkia, U+015F. Tafuta zote mbili.

Kituruki: *si* kwa herufi kubwa ni *Sİ*, yenye nukta juu. Na huko -si ni kiambishi cha umiliki baada ya irabu: *kedi* ni paka, *kedisi* ni paka wake. Baada ya irabu nyingine inakuwa -sı, -su au -sü, kwa hiyo ukitafuta -si tupu umeacha sehemu kubwa.

Kiswahili: `\bsi\b` inatoa ile inayosimama peke yake tu. Ukitafuta maneno yanayoanza na si- utaletewa simu, sindano, sikio, sifa na siku pamoja na simo na sina. Tengeneza kwanza orodha ya nomino za kuondoa. Na usifute alama za herufi kwenye nakala yako pekee. Weka safu ya asili pembeni.

---

Bonde la Maneno

Kicheki kinafaa kutajwa, kwa ajili ya Kalamu Nyekundu. *Jsi* ni "wewe u", *si* ni ya kujitendea. J hiyo mara nyingi haisikiki, basi watu wanaandika *si* mahali pa *jsi*, na walimu wao wanasahihisha kosa hilo kama sisi tunavyosahihisha sio na siyo. Kislovakia kwao zote mbili huandikwa *si*, hivyo kosa halina pa kuingilia.

Na upande wa Bahari ya Hindi: Kimalagasi kina *sy*, inayotamkwa "si" kabisa (y ni i ya mwisho wa neno), maana yake "na". Ndugu zake wa mbali, Kitagalogi na Kimalei, wana *si* inayotangulia jina la mtu. Kwa Kitagalogi *si Maria* ni Maria tu, bila dharau. Wakiwa wengi ni *sina*. Kwa Kimalei *si kecil* ni "yule mdogo", nayo ina mazoea ndani yake, kwa hiyo si ya kumtajia mkubwa wako.

---

Kikokotoo

Shukrani wakuu, hesabu imenitosha. La mwisho, la kwetu: *singesoma* au *nisingesoma*?

---

Kalamu Nyekundu

Zote zinatumika. Katika *singesoma* umechukua ile si- ya mwanzo, yenye "mimi" ndani yake. Katika *nisingesoma* umechukua -si- ya katikati, isiyo na mtu, kwa hiyo ni- imelazimika kuwepo. Kwa nafsi nyingine ni hivyohivyo: hangesoma, asingesoma; hatungesoma, tusingesoma. Chagua moja na uishike andiko zima. Usichoweza kufanya ni kuandika "nisinge-" mstari wa kwanza na "singe-" mstari wa tatu, wala kuzichanganya ukapata "sisingesoma", maana hapo umekana mara mbili.

---

Mchimbamizizi

Nimeongeza Kicheki, Kituruki, Kimalagasi na Kitagalogi kwenye orodha yangu ya lugha zenye *si*. Anayekijua vizuri Kialbania, ambako *si* ni "vipi" (*Si je?*, "U hali gani?"), atuwekee umbo lake la zamani, na mifano mitatu au minne ya mlingano.